Mchele wa Akina Mama wa Mizoram

Siku watu wa Mizoram walipotutumia sadaka, washirika wa kanisa la Hermon walinuna kama wametukaniwa wazazi wao. Na mimi nilikuwemo. Nilinuna huku tumbo li tupu, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Watoaji ni sisi. Hivyo ndivyo tulivyolelewa hapa Bryn Llech, mji mdogo wa machimbo ya mawe milimani, mbali na London. Babu zetu walipasua mawe ya kuezekea nyumba za dunia nzima, wakarudi nyumbani wamelowa, vifua vimejaa vumbi, na bado Jumapili walitia sarafu kwenye kisanduku cha misheni. Zaidi ya miaka mia tumewapelekea watu wa milima ile ya India wahubiri, wauguzi, vitabu vya nyimbo, na bandeji zilizokatwa kutoka mashuka ya bibi zetu. Katika chumba cha mikutano nyuma ya kanisa kuna picha ukutani ya mtoto wa Kimizo, miguu peku, kashika bakuli. Sote tumekua tukiitazama. Mtoto wa hapa akikataa kumaliza viazi vyake aliambiwa, "Mfikirie yule." Nami nilimfikiria, nikamaliza viazi.

Kisanduku cha misheni kilikuwa mikononi mwa Eluned Parry, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Alikuwa na miaka themanini na miwili, mjane, mwembamba, mgongo umenyooka. Ndiye aliyenifundisha shule ya Jumapili, na alinifundisha majina ya mito ya Mizoram kabla sijajua mto unaopita London unaitwaje. Hakuwahi kufika huko. Lakini ukimsikia akizungumza ungedhani ana shamba kule.

Sasa kuhusu njaa. Nitaisema waziwazi, maana wakati ule sikuisema. Nilipika chakula cha watoto wa shule ya Bryn Llech miaka ishirini na tisa. Shule ikafungwa, watoto wakaanza kupelekwa kwa basi mji wa pili, na mimi nikabaki na miaka sitini na tatu, magoti mabovu, na pensheni ambayo serikali ilikuwa imeisogeza mbele mpaka nitimize sitini na sita. Umeme wetu ni wa kununua kwa kadi. Unajaza dukani, unachomeka kwenye mita, na baridi ya huku inaumaliza upesi kuliko watoto wangu walivyomaliza sahani. Nikawa nachagua: leo joto, kesho chakula. Mwanamke aliyelisha watoto wa mji mzima akawa anakula mkate mkavu na chai ya majani ya jana.

Upande wa pili wa ukuta mambo yalikuwa yaleyale. Nilimsikia Eluned akichemsha maji, akiwasha redio, akikohoa. Jiko lake la kuoka lina mlango unaolia, na tangu Pasaka sikuusikia ukilia. Serikali ina nyongeza kwa wazee wa hali yake, fomu tu ya kujaza. Mchungaji alimpelekea fomu hiyo, Eluned akairudisha haijaguswa. "Hiyo ni ya wasiojiweza," alisema, na kunisimulia mimi kama jambo la kuchekesha. Nikacheka.

Mchungaji wetu alikuwa Mawia. Naam, Mmizo. Wachungaji wa kwetu walikwisha, vijana hawataki tena kazi hiyo, na kanisa la kule milimani, ambalo limekua likatupita, likatutumia mtu. Tulimpokea vizuri. Siku alipohubiri kwa lugha yetu bila kusoma karatasi, Eluned alitokwa machozi. Kumpokea mhubiri hakukutusumbua hata kidogo. Neno la Mungu si msaada.

Tatizo la Mawia ni macho. Alikuwa na tabia ya kutembelea watu majumbani, na kwetu mgeni hupewa chai ya maziwa na kipande cha mkate wa zabibu kilichopakwa siagi. Usipompa ni sawa na kumfukuza. Baada ya majira mawili ya baridi akawa ameona jambo ambalo sisi tuliozaliwa hapa hatukutaka kuliona. Mkate wa zabibu ulikuwa unakatwa kipande kimoja tu, chake. Nyumba ya kwanza: mimi nimeshakula, Mchungaji. Ya pili: nimeshakula. Ya tatu hivyohivyo. Alipokuja kwangu alikaa, akalitazama koti nililovaa ndani ya nyumba.

"Bi Nesta, unaumwa?"

"Siumwi. Nina umri."

"Umri haupunguzi kilo, mama."

"Wa kwetu unapunguza. Kula mkate huo, Mchungaji, usiniachie makombo kwenye sahani, panya wa hapa wamezoea vibaya."

Akaukata ule mkate katikati, akaniwekea nusu kwenye kisahani changu. Nikaisukuma nusu ile ikarudi kwake. Nikamwambia nimeshakula.

Basi akaandika barua kwao. Hakutaja jina la mtu, hilo nina hakika nalo. Sasa, kule kwao kuna desturi. Mwanamke akipika, kabla mchele haujaingia chunguni anachota kiganja kimoja, anakiweka kwenye kopo pembeni. Kila mlo, kiganja kimoja. Anayepika kwa ajili ya watu kumi anachota, na anayepika vikombe viwili kwa ajili ya watoto watatu naye anachota. Mchele huo hukusanywa, huuzwa, na hulipia kazi za kanisa. Nauli ya Mawia kuja kwetu ililipwa na mchele huo, hatukuwahi kuuliza. Akina mama wa kanisa alikozaliwa walipoisoma barua yake wakakubaliana kwamba viganja vya mwaka mzima viwe vya Hermon. Pesa ikaja pamoja na waraka mfupi, mwandiko mzuri. Walitaka kitu kimoja tu: tufungue stoo ya chakula katika chumba cha mikutano, asubuhi tatu kwa wiki, kila mtu aingie achukue, asiulizwe swali.

Kutoka mlangoni kwangu hadi mlango wa chumba kile haifiki dakika moja, hata kwa magoti yangu. Nilipousikia waraka ule ukisomwa kanisani, kabla ya kununa, niliona mfuko wa unga wa shayiri. Niliuona kabisa, na mvuke wa uji. Ndipo nikamwona Idwal Roberts, mzee wetu wa kanisa, amekunja uso, na mimi nikakunja wangu.

Mkutano wa kuamua ukapangwa Jumapili mbili mbele. Katikati yake, Alhamisi moja, nilifanya jambo ambalo nilikuwa nimelipanga tangu kiangazi. Mji wa pwani, saa nzima kwa basi, una ukumbi unaogawa chakula kwa wenye kikaratasi cha daktari. Nilikuwa na kikaratasi. Wazee hatulipi nauli, kwa hiyo nilichohitaji ni ujasiri tu. Nilivaa kofia ya mvua na nikachagua basi la saa nne, ambalo watu wetu hawalipendi kwa sababu linazunguka.

Kwenye ukumbi kulikuwa na foleni fupi. Mbele yangu, mtu wa pili kutoka mlangoni, alisimama Eluned Parry na begi lake la sokoni, limekunjwa, jembamba kama bahasha. Ningeweza kugeuka. Nilikuwa bado natafuta mguu wa kugeukia alipogeuka yeye.

"Nesta! Wewe huku unafanya nini?"

"Nimeleta vitu," nikasema. "Makopo. Unajua tena, kuwasaidia hawa watu."

"Eh, na mimi pia. Makopo."

"Umeshakabidhi?"

"Nimeshakabidhi. Na wewe?"

"Sasa hivi. Nimempa yule kijana wa mlangoni."

Tukatazamana, yeye na begi lake tupu, mimi na langu. Kijana wa mlangoni hakuwepo, mlangoni palikuwa na mwanamke mnene mwenye miwani, na alikuwa anasema, "Anayefuata, karibu mpenzi." Anayefuata alikuwa Eluned.

"Mkaribishe huyu mama nyuma yangu," Eluned akamwambia, akimwonyesha mama mwingine aliyesimama kati yetu. "Sisi hatuko kwenye foleni. Sisi tumetoa."

Tukaenda kituoni pamoja. Ningemshika mkono tu. Ningesema, Eluned, twende turudi, tuingie wote wawili, nani anatujua huku? Pengine angenipiga na begi. Pengine tungecheka mpaka tukakaa chini, halafu tukarudi nyumbani tumebeba maharage. Badala yake tulipanda basi, tukazungumzia kwaya ya Krismasi kwa saa nzima, tukakubaliana kwamba sauti za kiume ni chache. Tumbo langu lililia mara mbili. La kwake lilijibu. Kila lilipolia yeye alitazama dirishani na mimi nilikohoa.

Mficha uchi hazai. Sijui kama kuna watu wanaoujua msemo huo kuliko sisi.

Jumapili ya mkutano tulikaa chumba cha nyuma baada ya ibada, watu ishirini na watano hivi, makoti mwilini kwa sababu Hermon nayo ilikuwa inabana umeme. Aliyeongoza alikuwa Idwal, mzee mkuu wa kanisa na mwenye duka la samani. Ningependa kumwita mtu mbaya, ingenirahisishia mambo. Lakini ndiye aliyetoa vitanda bure kituo cha wazee kilipofurika maji, na hakutangaza.

"Ndugu zangu," alisema, "barua hii nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilidhani nimevaa miwani ya mke wangu."

Watu wakacheka. Menna, mkewe, akacheka zaidi.

"Akina mama wanaopika kwa kuni wanatunyima usingizi kwa wema wao. Wanatuchangia mchele. Sisi! Leo mchele, kesho watatuletea mitumba."

"Mzee Idwal," Mawia akasema kutoka kiti chake, "kwetu tunapika kwa gesi."

Wakacheka tena, na kwa dakika moja nikadhani mambo yatakwenda vizuri. Mwalimu Carys, anayefundisha kwenye ile shule ya mji wa pili, akasimama. Akasema watoto wanakuja darasani hawajanywa hata chai, watoto wa Bryn Llech hii hii, na kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka.

"Hao ni wa waliohamia juzi, mwalimu," Idwal akamjibu kwa upole. "Nawahurumia, wana ofisi zao za serikali. Mimi nazungumzia watu wa Hermon. Sisi tumekuwa mkono wa juu tangu kanisa hili lijengwe. Mkono ukishashuka haupandi tena. Haya, nauliza swali moja, jepesi. Yupo mtu humu ndani mwenye njaa? Asimame. Asimame tu, na kesho asubuhi namletea gari zima la chakula, mimi mwenyewe, kwa mikono yangu hii."

Na angeleta. Ndiyo maana namchukia kwa swali lile kuliko ningemchukia angekuwa bahili.

"Mzee," Mawia akasema, "swali hilo haliulizwi hivyo."

"Linaulizwaje? Kwa barua za India?"

Watu wakatazama viatu vyao, na viatu vya Hermon siku zote vimepigwa rangi. Hapo nikasikia benchi mbele yangu likilia, na Eluned akasimama. Alishika mgongo wa benchi kwa mikono miwili. Nikajiambia: akisema, na mimi nasema. Nikakusanya kabisa miguu chini yangu.

"Nimesimama," Eluned alisema, "kwa kuwa mzee ameuliza na hakuna anayemjibu, na hiyo ni kukosa adabu. Mimi nimezaliwa mtaa huu. Sijawahi kumjua mwenye njaa katika kanisa hili. Njaa naijua. Nimewafundisha nyote kuijua." Akaelekeza kidole kwenye picha ya ukutani. "Njaa ni yule."

"Mama Eluned," Mawia akasema, sasa kwa sauti ndogo, kama anazungumza naye peke yake, "yule mtoto ni dada wa bibi yangu. Alikufa na miaka tisini, ameshiba. Wajukuu zake wana duka la simu. Mliwapa wakati wa shida, hawajasahau. Sasa wanaomba zamu yao."

"Hakuna zamu, mwanangu. Kutoa si mchezo wa bao." Watu wakaguna kwa kukubali. "Nafurahi kuwa amekula. Lakini mahali fulani yuko mwingine ameshika bakuli. Kama si Mizoram ni Yemen, ni Sudan. Mchele huo upelekwe kwake, ukiwa na salamu za Hermon. Sisi tuna vya kututosha." Kisha akaongeza neno ambalo halikuhitajika, "Mimi nina vya kunitosha."

Akakaa. Nikaziachia sakafuni tena zile nyayo zangu nilizokuwa nimezikusanya.

Nataka nimtendee haki. Kuhusu yule mtoto mwingine hakudanganya. Yuko, nimemwona kwenye televisheni, na mifupa yake si maneno ya kutungwa ili kushinda mkutano. Sitaki mtu anipangie mimi mbele yake. Lakini ni nani aliyetuambia kwamba njaa hupanga foleni, na kwamba mwenye ustaarabu ni yule anayesimama mwisho mpaka aanguke? Akina mama wa Mizoram hawakufikiri hivyo. Wao walitoa kiganja kwa aliye karibu na kiganja kwa aliye mbali, kutoka chungu kilekile, bila kufanya mkutano.

Kura ikapigwa kwa mikono. Mikono ya kufungua stoo ilikuwa sita: Mwalimu Carys, mke wa daktari, mwanasheria mmoja mstaafu na watu wengine walioshiba vizuri. Mikono ya kuipeleka pesa nje ilikuwa yote iliyobaki. Wangu ulikuwa hewani kabla sijaamua kuuinua. Baadaye, majira ya kuchipua, nilipoanza kuzungumza na watu mmoja mmoja, nilikuja kujua nani mwingine alikuwa anakula mkate mkavu mwaka ule. Tulikuwa saba, nikijihesabu na mimi, bila Eluned. Sote saba tuliinua mikono pamoja na Eluned. Njaa ilipiga kura dhidi ya chakula, ikashinda, ikapigiwa makofi.

Nje, Mawia alinikuta nafunga skafu.

"Bi Nesta," alisema, "nitawaandikia nini?"

"Waandikie tunawashukuru."

"Hilo si kweli."

"Basi usiandike," nikamwambia, nikaenda zangu. Nilimkasirikia sana siku ile. Mtu akikuona uchi unamkasirikia yeye.

Baridi ikaja. Theluji ilikuwa kidogo, mvua ndiyo ilikuwa nyingi, ile ya ubavuni inayoingia chini ya milango. Pesa ya mchele ilikuwa imekwenda kwenye shirika moja la misaada ya nje, na barua ya shukrani ikaja, Eluned akaibandika kwenye ubao wa kanisa. Mawia alianza kubeba chakula kwenye begi lake la Biblia, viazi, jibini, akawa anakisahau kwa makusudi kwenye meza za watu. Kwangu alisahau mara tatu na mimi, Mungu anisamehe, nilikula. Kwa Eluned alisahau mara moja. Eluned alimfuata mvuani hadi kwenye gari akamrudishia. "Umesahau vitu vyako, Mchungaji," nilimsikia akisema, "una kichwa kibovu kama cha mume wangu."

Mwezi wa kwanza nilipata mifupa ya shingo ya kondoo kwa mwuza nyama, nikachemsha supu ya vitunguu na karoti. Nikamwaga nusu kwenye bakuli, nikagonga kwake. Alifungua mlango kidogo, mkono mmoja umeshika blanketi kifuani.

"Nimepika nyingi mno," nikasema. "Itaharibika."

"Nimeshakula, Nesta."

"Eluned, supu tu."

"Nimekula samaki. Nimeshiba mpaka naona kizunguzungu." Kisha akatabasamu, lile tabasamu la shule ya Jumapili. "Mpelekee mtu mwenye shida."

Sikuwa nasikia harufu ya samaki. Nilikuwa nasikia harufu ya nyumba ambayo haijawashwa moto. Nilisimama pale na bakuli langu, supu inapoa, na nikamwelewa vizuri sana, kwa kuwa mimi katika nafasi yake ningesema vilevile. Huo ndio ugonjwa wenyewe: tulielewana mno. Mgeni angesukuma mlango.

Siku ya nne baada ya hapo sikusikia redio. Nikagonga ukuta kwa kijiko. Mchana nikampigia simu Mawia, akaja, akavunja kioo cha mlango wa nyuma kwa kiwiko. Tulimkuta jikoni sakafuni, hai, midomo ya bluu, koti mwilini. Kwenye gari la wagonjwa alishika mkono wangu. Hospitalini muuguzi, binti mdogo mwenye haraka, aliniuliza, kalamu mkononi, "Wewe ni jirani yake? Alikuwa anakula vizuri?"

Mawia akanitazama. Eluned alikuwa amelala mita moja kutoka kwangu, macho yamefumba, lakini masikio sijui.

"Anakula vizuri," nikasema. "Juzi alikula samaki."

Muuguzi akaandika. Sijui kama neno langu lilibadilisha kitu. Madaktari wana vipimo vyao, na daktari aliyekuja kesho yake alisema mapafu yamejaa maji na mwili hauna akiba ya kupigana. Alitumia neno hilo, akiba. Eluned alikufa siku ya nane, asubuhi, wakati wa kubadilisha mashuka. Kuna watu hufa na tai shingoni. Yeye aliomba achanwe nywele.

Tulimzika Jumatano. Alikuwa ameacha maagizo: maua yasiletwe, atakayependa atoe chochote kwa misheni za nje. Watu walijaa mpaka kwenye ngazi. Baada ya makaburini tukarudi chumba cha nyuma kwa chai ya msiba, na hapo ndipo nilipoona chakula.

Chai ya msiba ya Hermon si mchezo. Kila mwanamke huleta sahani yake, na hakuna anayetaka sahani yake iwe ya aibu. Nyama ya nguruwe iliyookwa, imekatwa nene. Ulimi wa ng'ombe. Mikate ya mayai, pai za nyama, jibini za aina nne, keki, mkate wa zabibu wa nyumba kumi na tano tofauti, siagi ya njano juu. Meza tatu, zimeinama. Wale wengine sita ninaowajua sasa nao walikuwa wameleta. Nilipowauliza baadaye walivyoweza, hakuna aliyetaka kujibu. Mimi nilileta mayai. Nilizima joto siku tano kwa ajili ya mayai yale.

Nikala. Nilikula sahani ya kwanza nimesimama, ya pili nimekaa, ya tatu sikumbuki. Nilikula chakula cha Eluned, ndivyo nilivyojisikia, kimeletwa kwake kwa mapenzi yote na kimechelewa wiki tatu. Nilikuwa nalia na natafuna. Watu waliniachia kwa sababu nilikuwa jirani.

Idwal alikuwa karibu nami, macho mekundu kwelikweli, anamwambia mtu, "Mwanamke yule hakuwahi kupungukiwa na kitu. Na kama alipungukiwa, mbona hakusema? Laiti angesema! Neno moja tu. Nani hapa angemnyima?"

"Hakuna," Menna akasema. "Jamani, hakuna."

Nikaweka uma chini. Sikupanga. Nilisema kwa sauti ya jikoni, sauti niliyotumia kuwaita watoto mia wapange mstari.

"Mimi nasema. Idwal, mimi nasema sasa. Nina njaa."

Chumba kizima kilinigeukia. Waliona mwanamke mwenye sahani ya nne mapajani, mafuta kidevuni, kipande cha pai mkononi. Kisha Idwal akaanza kucheka, kicheko kizuri, cha mtu aliyelia siku nzima na amepata pa kupumulia, na chumba chote kikamfuata.

"Nesta wewe!" Menna akasema, anajifuta machozi. "Hata msibani huachi utani! Eluned angecheka sana. Leta sahani." Akanirundikia vipande vitatu vya nyama juu ya vilivyokuwepo, akanipiga begani.

Nikafungua mdomo niseme tena. Mawia alikuwa upande wa pili wa chumba, birika la chai mkononi, hacheki, anapenya kati ya watu kuja kwangu. Lakini Idwal alikuwa ameshainua mkono kuomba kimya, tufunge kwa sala, wengine wana mabasi. Watu wakainamisha vichwa. Akamshukuru Mungu kwa maisha ya Eluned na kwa meza iliyojaa. Kisha, kwa sauti iliyokatikakatika, akawaombea wenye njaa wote wa nchi za mbali.

Nikaitika amina pamoja na wengine, mdomo umejaa nyama.